Namba Iliyo Mgongoni mwa Gitaa la Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili jioni.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Habari za huko, na baridi imepungua? Wifi hajambo? Kitinda mimba ameota meno? Sisi tuko salama, ila Mama goti linamsumbua, na macho ndiyo hayo, siku hizi anatutambua kwa sauti. Paa la jikoni tumeliziba, halivuji tena.

Kaka, nimejaribu kuandika kwa upole nimeshindwa. Nitasema tu.

Baba alipofariki ulichukua gitaa lake la umeme, ukasema unalipeleka kwa mafundi wa huko lisije likaoza chini ya kitanda. Ukalirudisha linang'aa. Tukakushangilia! Mimi nikakubusu mikono, mjinga mimi.

Wiki hii waya wa ndani ulikatika, nikalipeleka kwa fundi magitaa, yule tunayemwita Kelele. Akaligeuza, akasoma namba kwenye bati la mgongoni, akacheka. "Dada, hili ni la marudio. Kiwanda kimeurudia mtindo wa zamani kwa wanaoutamani. Hii herufi ya mbele ndiyo inayosema." Nikambishia, nikamwambia ni la marehemu baba yangu, amepigia harusi za nusu ya mji huu. Akafungua skrubu, akang'oa shingo, akanionyesha tarehe iliyogongwa muhuri kwenye mti. Kaka, wakati huo Baba alikuwa ameshazikwa! Nililia palepale, mbele ya wateja.

Na ile alama ya mkwaruzo wa pete ya Baba, pale mkono wake ulipokuwa ukipita? Uliichonga wewe? Ulikaa ukaikumbuka pete ya baba yako, ukaikwaruzia mti mpya? Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Usiniambie habari za shida. Ungesema una shida tungeliuza pamoja, tukaliaga kama watu.

Mama je? Kila jioni huomba aletewe gitaa, akalipapasa huku akitabasamu, nami nikijua anamkumbuka mumewe. Niliapa sitamwambia. Jana akaniuliza mbona nimenuna, yakanitoka yote. Akaitafuta alama ya pete kwa kidole. "Ya baba yako ilikuwa chini kidogo," akasema. "Nilijua siku ileile liliporudi."

Nilihisi nimesalitiwa mara ya pili. Nikamuuliza kwa ukali, sasa kila jioni unapapasa nini?

"Hili nalo limetoka mkononi mwa mwanangu," akasema, "na mwenyewe haji."

Mimi si Mama, kaka. Mimi bado nina hasira. Kama lile la Baba unalo, ligeuze, uniandikie namba ya mgongoni. Sitaki maelezo, nataka namba, siku hizi najua kuzisoma. Kama huna, njoo mwenyewe ukae karibu na Mama akushike wewe.

Msalimie wifi na watoto, wao hawana kosa. Mama anakuombea heri kama kawaida yake.

Wako akupendaye, japo leo kwa shida,
Mdogo wako