Portland Ziko Mbili

Kamembe, 3/3/2024

Mtoto wangu Akilimali,

Jambo kwako, jambo kwa Amerika yote. Uko muzima? Mimi niko, goti tu njo linanisumbua. Hapa kila muntu anajua kama mimi njo mama wa Akilimali. Hata kanisani bananiachia kiti cha mbele.

Hii barua dada yako Sandrine ataipiga picha akutumie kwa simu. Lakini cheti cha ubatizo kina muhuri, padri wako anataka chenyewe, basi nimekitia posta leo. Harusi ni tarehe 20 mwezi wa ine, kitakuwa kimefika.

Nasikia huyo Chloé wako yuko na mtoto wa miaka tisa. Sisemi kitu. Mutoni wa Nkungu, ule infirmière wa hospitali, angali anakuulizia. Nasema tu.

Maman yako, Honorine


Portland, 22/4/2024

Maman,

Salamu. Goti linaendeleaje? Harusi haikufungwa. Cheti hakikufika, padri akakataa, na bageni bakarudi nyumbani na nguo zao mpya. Mtoto wa Chloé aliniuliza kama nimemukataa mama yake.

Anwani nilikupa kwa herufi kubwa: Portland, ME, na namba tano nyuma. Shida ilikuwa nini?

Mtoto wako, Akilimali


Kamembe, 14/5/2024

Akilimali,

Uko muzima, naona, nguvu ya kumugombeza mama unayo. Nilikusomesha kwa nyanya za kuvusha mupaka wa Rusizi ya Kwanza kila asubuhi, usinipandishie sauti kwa karatasi.

Bahasha imerudi juzi. Wewe njo uliandika mubaya. Mwalimu Munyemana alifundisha jiografia miaka makumi tatu, anasema Portland iko Oregon, na Oregon banaandika OR. Nikakurekebishia. Kama Mungu hakutaka ile harusi, mimi ningefanya nini?

Maman yako


Portland, 9/6/2024

Maman,

Leo sikuulizi afya.

Nilimupigia Mwalimu Munyemana. Anasema ulikaa kwake saa nzima na liste ya majimbo yote. Alikufasiria kama Portland ziko mbili: ME ni Maine, mashariki, kwenye niko; OR ni Oregon, ngambo ingine ya inchi. Tena anasema uliuliza: «Barua ikienda kwa ile ingine, inakamata miezi mingapi kurudi?» Alizani ni hamu ya kujifunza.

Sandrine alinitumia picha ya bahasha. Zile namba tano, zenye zingeileta kwangu hata jimbo likikosewa, hukuziandika.

Tumefunga ndoa kwa serikali. Mwezi wa saba tunahama. Jimbo hutalijua.

Akilimali


Kamembe, 30/9/2024

Mtoto wangu,

Amani kwako, na kwa bibi yako Chloé, na kwa mtoto wake. Jina lake sikuulizaka.

Nilifanya. Munyemana hakusema uongo, na mimi sikukosea: ile liste niliijua kushinda batoto ba shule. Nilijiambia, harusi ikichelewa, hasira itamuingia Chloé, aende zake. Hakuenda. Huyo ni mwanamuke, nakubali.

Sokoni bado bananiuliza. Nasema harusi ilikuwa kubwa, kwaya mbili. Halafu Odette wa nyanya akaomba kuona picha, nikakosa pa kuangalia.

Padri wa hapa amenipa cheti kipya, kile kilichorudi kimepitisha miezi sita; kanisani mungali munaweza kufunga. Sandrine anajua kwenye mulihamia, ananificha, na sikumulazimisha. Nimemupa cheti ndani ya bahasha nyeupe, bila herufi hata moja juu yake. Nikamwambia aende kuandikia anwani kwake, mimi nisione.

Maman yako, Honorine