Funguo za Gitaa la Baba

Kaka yangu mpendwa,

Sisi huku tunasukuma siku, na cherehani yangu bado inanilisha. Uliuliza habari za lile gitaa la chuma la baba. Wiki nzima amenisumbua kwamba funguo za kukazia nyuzi zimekuwa ngumu, ndiyo maana halitoi sauti. Kumbe alizipaka mafuta ya kupikia, mzee wetu huyu, yakagandana na vumbi yakawa gundi!

Jana nilizifungua zote sita kwa bisibisi yangu ndogo, nikazisugua kwa mswaki na mafuta ya taa, kisha nikadondoshea kila moja tone la mafuta ya cherehani. Zikalainika, zinazunguka kwa vidole viwili. Nikakaza nyuzi, nikazipiga zote kwa mkupuo. Jirani akachungulia dirishani: "Kumbe lile gitaa bado lina uhai!"

Baba alikuwa ameketi mbele yangu, ananitazama mikono.

"Haya mwanangu, mbona hupigi?"

Nikapiga tena, kwa nguvu. Akatikisa kichwa. "Bado zimekaza. Fungua tena."

Nikafungua tena, kaka. Ningefanya nini?

Kwa hiyo usiendelee kuumia kwamba mwezi uliopita, ulipopiga simu, hakukujibu neno. Hata mimi nilidhani ni hasira. Ulilia ukimwomba msamaha mpaka nikakusikia nikiwa jikoni. Usimwandikie, kusoma hajui.

Siku ile alinirudishia simu akasema, "Hakuna mtu."

Ni mimi dadako, bisibisi bado mkononi.