Namba ya Njoroge kwa Mbuzi wa Hassan

Jumanne, Kitengela, 2006

Tangu asubuhi ukurasa wa mtandao niliomtengenezea Hassan wa kuuzia mbuzi umeonyesha namba ya simu ya Njoroge, mshindani wake.

Nilinakili folda ya Njoroge, ambaye pia ni mteja wangu, nikabadilisha picha, kama kawaida yangu. Faili ya namba ya Hassan niliiweka kando ya ukurasa wake, nikidhani programu itaanza kuitafuta hapo. Kumbe inaanza na folda ya pamoja ya kurasa zote, na huko bado iko faili ya Njoroge, yenye jina lile lile.

Nimerekebisha. Lakini Hassan alinipigia jioni. "Dada, leo hakuna mtu amenitafuta. Hiyo website inafanya kazi kweli?"

Nikamwambia inafanya.

Ninayemwogopa ni Njoroge. Simu yake lazima imelia siku nzima kwa wateja wa Hassan, na hajaniuliza kitu.