Karatasi Uliyoichana Katika Zaburi za Babu

Mahongole,
Makambako,
Wilaya ya Njombe.
6 Oktoba 1951

Mpendwa Baba Mkubwa Filbert,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Muheza, na kazi yako ya ukarani kwenye mkonge inakwenda vizuri. Huku baridi imepungua na tumeanza kutayarisha mashamba. Mama hajambo. Bibi Bertila anakohoa kidogo. Babu hali chakula, na sababu yake ndiyo imenifanya nishike kalamu.

Unakijua kile kitabu chake cha Zaburi za Kiebrania. Mzee Tarsis amemshtaki mbele ya wazee wa usharika kwamba alikiiba nyumbani kwa mchungaji Mjerumani, siku Wajerumani walipochukuliwa na Waingereza wakati wa vita. Babu alisema alipewa. Mzee Tarsis akacheka: "Wewe Anania, herufi moja ya humo huijui. Nani humpa kipofu kioo?" Babu akajibu kwamba mchungaji aliandika mle mle ndani. Wakampa kitabu aonyeshe. Alifunua, akafunua tena. Karatasi haikuwapo.

Sasa amezuiwa Meza ya Bwana hadi Jumapili ya kwanza ya Adventi, watakapoamua. Wakimwona mwizi, atatengwa.

Karatasi hiyo uliichana wewe, Krismasi ya mwaka juzi, Babu alipokuwa nje na wageni. Ulisema, "Huu ni ukurasa wa mwisho tu, nani anausoma?" Nilikuwa nimeketi pale pale, nikanyamaza, kwa sababu ukiniita "bubu wa vitabu" mbele ya watu huwa sijui niangalie wapi. Kunyamaza kule najilaumu hadi leo.

Haukuwa wa mwisho. Mwalimu Nahumu wa shuleni kwetu Kidugala amenionyesha kwamba Kiebrania husomwa kutoka kulia, na kitabu chake huanzia pale sisi tunapoona mwisho. Uling'oa mlango wa kitabu. Hapo ndipo kila aliyekuwa nacho aliandika jina lake.

Wino ulikuwa umeacha alama kwenye ukurasa uliofuata. Nilichukua kioo cha Mama nikayasoma majina yaliyogeuka. Wa kwanza ni Mose Levin, 1823. Wa pili ni Rahel, bila mwaka. Mwalimu anadhani alikuwa binti yake. Wa tatu ni yule mchungaji. Chini kabisa ni "Anania" na 1940, na kati ya majina hayo mawili kuna maneno ambayo wino wake haukushika. Niliwapelekea wazee. Mzee Tarsis akasema hata mwizi huandika jina lake.

Nilikuona ukiandika nyuma ya karatasi ile vitu tulivyokuagiza: kanga ya Bibi, miwani ya Babu, kamusi yangu. Ukaikunja, ukaitia katika mfuko wa koti. Hakuna kilichofika, wala hatukukuuliza. Vitu hivyo tumekusamehe. Karatasi sijakusamehe.

Baba alinikataza kukuandikia, kwamba mtoto hamsomei mkubwa makosa yake. Nimeandika. Tafuta koti lile. Kama karatasi umeitupa, waandikie wazee kwa mkono wako kwamba uliichana wewe. Usipofanya hivyo, Jumapili ile nitasimama mbele ya usharika mzima, mimi niliyeshindwa hata kusoma somo la Krismasi, nami nitalitaja jina lako.

Babu hajui kuwa ni wewe. Bado anasema kitabu kitakuwa chako, mzaliwa wake wa kwanza, na jana aliniomba niandike jina lako humo chini ya lake. Nilimwambia wino umekwisha.

Nisalimie Mama Mkubwa Telesia, na Lucia na Yoeli. Waambie Bibi anawaulizia kila Jumapili. Mungu awalinde nyote, na wewe akukumbushe.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata sasa,

Emilia