Sauti ya Mama Mkubwa Niliyoifuta

Hamburg, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima, na lile goti limepungua maumivu. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Baridi ya huku nimeizoea, ila nafsi ndiyo haijatulia. Naandika kwa karatasi makusudi. Kwenye simu ungenikatiza kwa dua kabla sijamaliza, nami ningefurahi kukatizwa.

Ni kuhusu ule wimbo wa kumtoa bi harusi. Tangu Mama Mkubwa Mejumaa atutoke umeniomba mara tatu, nami mara nakujibu mtandao mbovu, mara bado nausafisha. Nilikudanganya, Mama. Fatuma wake anaolewa mwezi ujao, na katika kikundi chenu cha nyimbo hapo Jego bi harusi hatoki chumbani mpaka mamake amwimbie ubeti wa mwisho. Mamake yuko kaburini. Fatuma anangoja nimletee sauti yake, na sauti yenyewe niliifuta kwa mkono wangu huu.

Unaikumbuka siku niliyowarekodi, kabla sijasafiri. Nilitoka Diani, nilikokuwa nikitengeneza sauti za bendi za hoteli, na maikrofoni nne za kuazima. Nikawakalisha barazani, kila mmoja na maikrofoni yake: wewe, Mama Mkubwa, na mashoga zenu wawili, Bi Saumu na Bi Mwanasha. Mama Mkubwa na kifua chake kile, akiingia nyuma ya wenzake, akikohoa katikati ya mstari. Nami nimejaa ufundi wa juzi na jana! Niliporudi chumbani kwangu Ukunda nikaiondoa sauti yake yote. Nikakwangua hata makombo yake yaliyoingia kwenye maikrofoni zenu, kisha nikaifuta kabisa isije ikanitia aibu. Wimbo huo wa sauti tatu ndio niliowatumia watu wa huku. Wakausifu kwa usafi wake, wakaniita kazini. Ugali ninaokula huku nimeupata kwa kumnyamazisha dada yako.

Sasa, hapa studio kuna miksa ambayo kazi yake ni moja tu, kuunganisha. Kompyuta huiweka kila sauti kwenye njia yake. Miksa hii huzipokea njia zote na kuzifanya wimbo mmoja. Ndani yake mna valvu, vitu vya kioo mfano wa balbu ndogo, na lazima uziwashe mapema zipate moto. Kompyuta nayo yaweza kuunganisha yenyewe, lakini ni kama tui la unga wa pakiti mbele ya tui la nazi uliyoikuna mwenyewe. Kwenye valvu sauti hunona, zikashikana.

Bi Ingrid, mwenye studio, aliniambia niijaribu kwa kitu cha kwetu. Nikaupitisha wimbo wenu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Riziki, hawa wanamngoja nani? Kila mwisho wa mstari wanatulia, wanampisha mtu."

Nikamwambia hakuna mtu.

"Yupo," akasema. "Mtafute. Mashine hii haiwezi kuunganisha asiyekuwepo."

Nikaenda kupekua diski yangu ya zamani. Njia ya Mama Mkubwa haikuwepo, lakini yako niliikuta, ile ya kwanza kabla sijaikwangua. Nikaipitisha peke yake kwenye miksa, nikaipandisha mpaka ikaanza kukwaruza. Nikasikia kuku, nikasikia bangili zako, na nyuma yako nikamsikia Mama Mkubwa. Yuko mbali, lakini ndiye, na kikohozi chake. Nililia, Mama. Nikasema alhamdulillahi, Fatuma amepata.

Kabla ya ubeti wa mwisho mkapumzika kidogo, na hapo nikaisikia sauti yangu mwenyewe:

"Mama Mkubwa, hebu rudi nyuma huko, unaniharibia."

"Haya, mwanangu."

Kiti kikaburutwa. Kisha karibu kabisa na maikrofoni yako akanong'ona, "Imba wewe, mdogo wangu. Kazi ya mtoto isiharibike."

Ubeti ukaanza, na wewe ndiye uliyeuimba. Nimeurudia sijui mara ngapi, nimepandisha, nimeshusha, hayumo. Siku zote nilidhani nilimfuta kwa siri, chumbani, yeye asijue. Kumbe nilimnyamazisha mbele ya macho yake, na mbele ya wenzake. Na ubeti wenyewe ndio huo anaoungoja Fatuma.

Barua hii nampa Bi Zainabu wa Msambweni anayerudi nyumbani wiki hii. Ndani ya bahasha mna flashi. Wimbo umo wote, sikukata kitu: beti mbili za mwanzo pamoja naye, na utovu wangu wa adabu kama ulivyo. Tafadhali, Fatuma ausikilize kwanza na wewe, faraghani, asije akayakuta maneno yale mbele za watu. Ruhusa ya kuja nimeshapewa, lakini sitapanda ndege mpaka yeye aseme njoo. Akisema nisikanyage harusini kwake, hajanikosea.

Nisalimie kaka Bakari, umwambie apunguze mwendo na lori lake huko Lunga Lunga. Bi Saumu na Bi Mwanasha wape mkono wangu. Shangazi wa Kwale mwambie dawa zake nimezituma kwa Bi Zainabu huyo huyo.

Mama, kuna jambo limenikaa kooni. Maneno yale alikunong'oneza wewe. Uliyasikia siku ile ile, ukaimba, ukanifungia chakula cha safari, ukanibusu. Miaka yote hii hukunionyesha hata kwa jicho. Na katika nyimbo zote za kikundi chenu, huu ndio uliousisitiza. Kama ulitaka niyasikie mwenyewe, nimeyasikia.

Mimi mwanao, nisiye na cha kujitetea,

Riziki