Maziwa ya Manjano Hatumwagi, Mama Razanamalala

Mwaka umetimia, Mama, tangu baridi ya Julai ikuchukue, tukakulaza katika kaburi la wazee wetu kule mlimani. Tulikuvika sanda ya hariri. Ujuzi wako hatukuuvika sanda. Wanaosema mkunga alizikwa na kazi yake, waje nyumbani waone.

Mumeo Rainizafy bado anawasimulia watu kwamba ulimzalisha ng'ombe mapacha huku unapepeta mchele. Ungekuwepo ungemsahihisha: walikuwa watatu, na mchele ulikuwa wa jirani.

Tunakukumbuka ulivyosugua mikono kwa sabuni mpaka viwikoni kabla ya kumgusa mzazi. Ulivyomfunika mablanketi, jiko la mkaa miguuni, bakuli la wali wa majimaji na nyama ya moshi mkononi. Damu ikizidi hukungoja kikao cha wazee: uliwaamuru wanaume wabebe machela hadi zahanati, na aliyelalamika kuwa njia ina matope ulimjibu, "Matope yanafuliwa, bwana."

Na ulipigania maziwa yale ya kwanza, mazito, ya manjano. Wifi yako Rasoavelo, dada mkubwa wa mumeo, aliyaita usaha, akawafundisha wazazi wayakamulie chini na mtoto apewe maji ya sukari. Mlibishana hilo mpaka mkazeeka.

Mwezi uliopita mjukuu wako Vololona alijifungua kabla ya wakati. Katoto kadogo, hata kunyonya hakawezi. Binti yako Honorine, uliyemrithisha kazi, alikakausha, akakalaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akaanza kukadondoshea maziwa yale kwa kijiko. Rasoavelo akaingia na kikombe chake cha maji ya sukari.

"Toa huo usaha mdomoni mwa mtoto."

"Shangazi, mama alikataa, na mimi nakataa."

"Mama yako amekufa. Mkubwa hapa ni mimi. Rainizafy, mwambie mwanao."

Unamjua mumeo. Tangu azaliwe hajawahi kumpinga dada yake. Kwetu mdogo hamjibu mkubwa. Akakipokea kile kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akamtazama mtoto, kisha akayanywa maji yote mpaka tone la mwisho.

"Ahsante, Dada," alisema. "Matamu. Kama yapo mengine, lete."

Rasoavelo alisusa, akatoka. Honorine akaendelea na kijiko chake. Kulipokucha walikwenda zahanati, mtoto akiwa bado kifuani chini ya blanketi. Muuguzi akawaambia waendelee hivyo hivyo. Baada ya siku kadhaa mtoto akashika ziwa mwenyewe.

Jumapili Rasoavelo alirudi. Alifunua blanketi, akamwangalia mtoto. Kwetu mtoto anayehurumiwa ndiye aliyekatiwa tamaa. Wa kuishi hutukanwa, ili mabaya yasimtamani.

"Mbaya huyu," alisema. "Sura kama chura. Na mlafi."

Wanaokukumbuka ni mumeo Rainizafy, binti yako Honorine, mjukuu wako Vololona na huyo mlafi wake, na wifi yako Rasoavelo, aliyedai jina lake litangulie, nasi tumeliweka mwisho.

Tutakukumbuka daima, Mama. Kifo kikinuna, na kinune.