Swali Ulilolingoja Kila Jumamosi

Padre Anselmi,

Nimepata swali. Mimi Musyoka, dereva wa lori niliyeishia darasa la tano, nimelipata, na wewe una wiki sita chini ya mchanga wa misheni.

Sharti lako la ubatizo lilinitesa: kila Jumamosi nisome ukurasa mmoja, mara tatu, polepole, kisha nikuletee swali. Swali, si jibu. Nami nilikuletea majibu debe zima! Nikajisifu nimemaliza katekisimu yote kwa safari moja ya Modogashe, ngamia wa njiani mashahidi. Ulicheka hadi miwani ikadondoka. "Musyoka, umemeza bila kutafuna. Kusoma ni kuipigisha akili magoti." Abdi, muuza nyama wa mtaa wa Iftin, naye hakuniacha: "Wallahi, wewe nasoma kama mtu natafuta kupe kwa ngamia! Huyo Badre amekufundisha ama amekufunga?"

Siku hizi Abdi hanitanii. Ananikatia nyama, ananiongezea kipande bure. Afadhali angenitukana.

Swali lenyewe ni hili. Wakati wote wa ukame ule mliomba mvua, wewe kanisani, kina Abdi msikitini. Ikaja. Ikakata barabara, ikazaa mbu, malaria ikakulaza. Dawa zako nilikuwa nazo mimi, Padre, kutoka Isiolo, na lori likakwama matopeni siku nne. Mimi, bingwa wa barabara zote! Nilipofika walikuwa wameshakuzika. Sasa niambie: mbona aliyesikia ombi lako alilijibu hivyo?

Nilimuuliza katekista. Hata sijamaliza, akasema, "Ni mapenzi ya Mungu." Huenda ni kweli. Lakini alijibu kama nilivyokuwa nikijibu mimi. Anataka nibatizwe Pasaka. Nimekataa. Nikiwaza maji kichwani, mwili wote unakataa.

Bado naenda chumba chetu cha kusomea pale misheni kila Jumamosi. Nasoma mara tatu. Hakuna kitu, Padre. Maneno yamelala tu pale kwenye karatasi. Nalia, mimi niliyezoea kuwachekesha hata askari wanaosindikiza msafara wa malori.

Buriani, mwalimu wangu. Siahidi kuamini, hilo kwa sasa sina nguvu nalo. Ila sitalijibu swali hili harakaharaka ili nipate usingizi. Jumamosi nitakaa saa yangu nzima, magoti chini, kitabu wazi, hata asipokuja mtu.

Wako,
Musyoka